Shamba Kongwa, zabibu Hombolo au mashine Kibaigwa? Pima kwa mwaka mbaya

Dalali wa mashamba hapa Dodoma hakuuzii mwaka wa njaa hata siku moja. Ukimuuliza ekari inatoa gunia ngapi, anakutajia za mwaka ule mvua ilipokubali. Anakuonyesha picha ya alizeti iliyochanua, kisha anakuambia kuna mtu wa Dar anakuja Jumamosi na hela mkononi.

Mimi nimeshauziwa mwaka mzuri. Ilikuwa 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma na kila mtumishi akaanza kuota ardhi. Nikanunua ekari 12 upande wa Mkoka, wilayani Kongwa, kwa picha za simu na maneno ya dalali. Msimu wa kwanza nilipata alizeti ya kutosha kujisifu kazini. Msimu wa pili mvua ilikata mwezi wa pili, ikarudi imechelewa, nikavuna magunia matatu katika shamba zima. Trekta nilikuwa nimeshalipa. Mbegu nimeshalipa, na palizi nimelipa mara mbili.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue nini na akiba yake, na mimi namuuliza: mwaka mbaya ukija, hicho kitu kitakufanyia nini? Wengi wanaouliza ni watu wa mjini wenye mkopo wa benki au kiinua mgongo cha mzazi, na wanazunguka kwenye mambo matatu. Kuna shamba la mvua Kongwa. Kuna shamba la zabibu pembezoni mwa Jiji, kule Hombolo, Mpunguzi au Matumbulu. Na kuna kuachana na ardhi ukanunua kazi, yaani mashine ya kukamua alizeti au ya kusaga, pale Kibaigwa au kijiji kingine chenye umeme. Nitayalinganisha hayo. Trekta nitaigusa tu kwa sababu kuna watu hawasikii.

Mvua kwanza

Huku kati tuna msimu mmoja. Mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinaishia Aprili. Mwaka wa kawaida Dodoma hupata kama milimita 500 hadi 600, na miezi iliyobaki ni vumbi. Mtu wa Rungwe au Moshi akisikia hivyo anadhani shida ni uchache wa mvua. Shida kubwa ni mpangilio wake. Inaweza kunyesha wiki mbili mfululizo mpaka makorongo yakatapika, halafu Februari yote ikapita kavu, wakati mahindi yanatoa mbelewele. Ukijumlisha mwisho wa msimu, milimita zimetimia, ila ghala ni tupu.

Ndiyo maana wazee wa Kigogo walishika mtama na uwele. Njaa wanaijua kwa majina. Ile iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza wanaiita Mtunya, na mpaka leo ni kipimo cha kuhesabia miaka katika koo nyingi. Mzee mmoja wa Hogoro, nilipomwamkia "Mbukwa" na kumweleza kwamba nataka kulima mahindi ekari 12, alicheka kwa upole. "Mwanangu," akasema, "mahindi ni ya mwenye mshahara." Nilidhani ananisifia.

Kongwa: ardhi nyingi, hela kidogo, macho mengi

Uzuri wa Kongwa ni bei. Kwa hela ya ekari moja ya zabibu yenye nguzo na waya karibu na mjini, kule Mkoka, Zoissa au Hogoro unapata ekari nyingi, na mwenye ekari nyingi hujiona tajiri hata kabla hajapanda. Barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro inakatiza wilaya, na soko la Kibaigwa liko hapo hapo. Mwaka mzuri, mtu mwenye ekari 20 za alizeti na mtama anaweza kurudisha bei ya ardhi yake mapema kuliko mwenye kiwanja cha mjini.

Lakini Kongwa ina kisa ambacho kila mwenye kupenda ekari nyingi akisikie kabla ya kufungua pochi. Mwaka 1946, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, maana baada ya Vita Kuu ya Pili kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Akatumwa John Wakefield na wenzake kukagua. Walizunguka kwa wiki chache, maeneo mengine wakiyaona kutoka kwenye ndege, wakarudi na ripoti kwamba zaidi ya ekari milioni 3 zinalimika, Kongwa ikiwa ya kwanza. Mwaka 1947 lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Vichaka na mibuyu vilivunja matrekta, mengi yakiwa mitumba ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Udongo ukilowa unalimika vizuri, ila jua likiupiga unakaza kama sakafu ya saruji, na karanga zikabaki chini hazing'oleki. Mchanga wake mkali ukala majembe. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali na shule ya watoto wa Kizungu ikafunguliwa. Mvua ndiyo haikuja kama ilivyoandikwa kwenye ripoti. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikafunga hesabu, pauni kama milioni 36 zikiwa zimekwenda. Sehemu ya ardhi ile ilikuja kuwa ranchi, na ng'ombe wa Ranchi ya Kongwa wapo mpaka leo. Nyasi hazikuhitaji ripoti.

Nikisoma habari ile najiona mwenyewe. Wakefield wangu alikuwa dalali na simu yake, na London yangu ilikuwa Area C, mtaa wa hapa Dodoma mjini. Wenyeji wa Kongwa hawakuulizwa ni bonde gani linashika maji na ni kilima gani hukauka Februari. Mimi pia sikuwauliza.

Basi ukiamua Kongwa, nenda mara mbili kabla ya kulipa. Oktoba utaona mipasuko ya udongo, makorongo, na ng'ombe wa nani wanapita wapi. Rudi Februari uone maji yanatuama wapi na mimea ya jirani ina rangi gani. Ukikuta kiduha, lile gugu dogo lenye maua mekundu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi, jua hapo nafaka imelimwa mfululizo mpaka udongo umechoka. Kichanga chekundu ni chepesi kulima na kinafaa karanga, mtama na alizeti, ila kinakauka haraka. Mbuga nyeusi hushika unyevu, mwaka wa mvua ya wastani ikakupa mahindi kweli, na mwaka wa mvua nyingi ikazamisha kila kitu pamoja na trekta.

Uliza pia kama unanunua shamba au pori. Pori ni rahisi kwa sababu kazi haijafanyika. Kung'oa visiki kunaweza kukugharimu kuliko bei ya ardhi yenyewe, na msimu wa kwanza wote ukaishia hapo. Wenyeji wengi hawana haraka ya trekta. Wanaberega tu, wanakwangua majani na kufukia mbegu bila kutifua. Maofisa ugani wamepiga vita kuberega kwa miaka, na wana hoja, kwani maji hayaingii ardhini. Lakini mtu aliyeberega hana deni la trekta mvua ikigoma.

Halafu vipimo. Huku ekari ni hatua 70 kwa 70, na hatua ni za yule anayepima. Dalali wangu alikuwa mfupi. Nilipokuja kupima kwa GPS, ekari zangu 12 zilikuwa 10 na kipande.

Karatasi ndiyo sehemu ambayo watu wengi hulizwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ardhi ya Kongwa vijijini iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji, na inawajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Muhuri wa mtendaji pekee kwenye karatasi ya mauziano hautoshi. Wewe si mkazi, kwa hiyo maombi yako yapelekwe kwenye Halmashauri ya Kijiji na yaingie kwenye muhtasari wa kikao, na muhtasari huo uombe nakala. Ukitaka eneo kubwa, kuanzia ekari 50 kwenda juu, jiandae kwenda ngazi za juu ya kijiji. Mwisho wa safari ni hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka, tofauti na hati za ardhi ya jumla zinazotolewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Na kuna mahame. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, wakaacha makazi yao ya zamani. Ardhi ya mahame ina rutuba kwa sababu ya samadi ya miaka mingi, na ndiyo maana inauzika haraka. Ndiyo maana pia ina wenyewe wengi. Mzee anakuuzia kwa moyo safi, halafu miaka mitatu baadaye anatokea mtoto wa kaka yake kutoka Manyoni na kaburi la babu analokuonyesha katikati ya alizeti yako. Uliza nani alikaa hapo kabla ya operesheni. Tafuta minyaa ya zamani, maana minyaa hupandwa mpakani na haisahau. Mke wa muuzaji asaini, na watoto wakubwa wawepo. Shauri la ardhi linaweza kufunguliwa mpaka miaka 12 baada ya mgogoro kuanza, kwa hiyo ukimya wa miaka miwili mitatu usikulaze usingizi.

Ukiwa upande wa Zoissa kuelekea Kiteto, uliza kuhusu njia za mifugo na kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Shamba lililo kwenye njia ya ng'ombe ni bei nafuu kwa sababu nzuri.

Mwaka mbaya Kongwa unakuachia ardhi yako na deni la msimu. Ardhi haiozi, hilo ni faraja. Lakini kila ekari uliyolima kwa pupa imekugharimu trekta, mbegu na palizi mbili, na ukubwa ulioufurahia wakati wa kununua ndio unaozidisha hasara. Mimi sasa nalima ekari 4 tu, mtama na alizeti. Nyingine nimemwachia jirani alishie, na yeye ndiye mlinzi wangu.

Zabibu: maji, mkono na mnunuzi

Zabibu ya Dodoma ni mtoto wa wamisionari aliyekuja kupendwa na wenyeji. Hulimwa Bihawana, Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Veyula, Hombolo na hata Chinangali wilayani Chamwino, na kituo cha utafiti kiko Makutupora. Nyingi ni za mvinyo. Nyekundu inaitwa kwa jina la Makutupora yenyewe, nyeupe ni Chenin Blanc. Faida yake kubwa ni kwamba mzabibu unaamka ukipogolewa, kwa hiyo unaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari hadi Aprili na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kiangazi huwa na sukari nzuri na magonjwa machache. Ya masika ukungu huwapiga walegevu.

Hapa hununui ukubwa. Ekari moja iliyotunzwa inatosha kumshughulisha mtu na familia yake. Inahitaji nguzo ambazo mchwa hawatazila, waya, dawa za ukungu, na mtu anayejua kupogoa, maana fundi wa kupogoa akikosea umepoteza msimu wenye jasho lako lote. Miche mipya inakuweka bila mapato ya maana karibu miaka miwili. Kwa hiyo shamba lenye mizabibu iliyokomaa ni ghali kwa haki, mradi mizabibu hiyo iwe hai. Nenda ukakague shina kwa shina. Nimeona shamba likiuzwa kwa bei ya ekari mbili za mizabibu huku theluthi ya mashina ni kuni.

Maji yapo wapi? Kisima ni kizuri, lakini onja. Huku kwetu visima vingi vina chumvi, na hata bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, maji yake yana chumvi. Mzabibu unavumilia kiasi, hauvumilii kila kitu. Chukua chupa ya maji upeleke maabara kabla ya kutoa senti.

Mwaka mbaya wa zabibu unaweza kuja mvua ikiwa nzuri kabisa. Mtama ukikosa bei unauweka kwenye gunia, unapuliza dawa, unangoja. Zabibu ikiiva haingoji. Viwanda vikiwa vimejaza matangi, au mnunuzi akiahirisha kwa wiki mbili, unabaki unauzia watu barabarani kwa ndoo. Tumeshashuhudia zabibu zikiozea mashambani Dodoma, na wakulima hawakuwa wavivu. Kwa hiyo kabla ya shamba, tafuta mkataba au chama cha ushirika chenye mnunuzi, na uwaulize wanachama wamelipwa lini mara ya mwisho. Usiulize waliuza bei gani. Uliza walilipwa lini.

Jambo la pili ni Jiji lenyewe. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilivunjwa 2017, Dodoma ikawa Jiji Aprili 2018, na mipango miji imefika mahali ambapo zamani ilikuwa ni mabua tu. Hombolo na Mpunguzi ni ndani ya Jiji. Hapo hukuti mwenyekiti wa kijiji, ni mwenyekiti wa mtaa, na sheria za ardhi ya kijiji nilizotaja kwa Kongwa hazikulindi. Shamba lako linaweza kupimwa viwanja, na wewe ukabaki na sehemu tu. Kuna watu wananunua mashamba ya zabibu kwa sababu hiyo hiyo, wakingoja viwanja. Sioni ubaya, ila hiyo ni biashara ya viwanja, tusiiite kilimo. Kwa vyovyote, nenda Idara ya Ardhi ya Jiji ukaangalie eneo limepangiwa nini, na usikubali ramani ya dalali iliyochapishwa barabara ya saba.

Mashine: kununua kazi badala ya ardhi

Hii ndiyo watu wa mjini huidharau, labda kwa sababu haipigiki picha. Mashine ina vumbi, kelele, na harufu ya mashudu. Lakini tuipime.

Mashine ya kukamua alizeti inakula umeme wa fezi tatu. Mkulima analeta gunia la alizeti ya Rekodi au chotara, na unamkamulia. Gunia moja hutoa kati ya lita 15 na 20 za mafuta kutegemea mbegu, ukavu wake na ujuzi wa mwendeshaji. Wengine wanalipa kwa gunia. Wengi wanakuachia mashudu kama malipo, na mashudu ndiyo faida kimya ya kazi hii, kwa kuwa wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayataka mwaka mzima. Ukiwa na mtaji wa ziada unanunua alizeti Mei na Juni bei ikiwa chini, unaweka stoo, unakamua Novemba. Mtaji huo wa ziada ndio unaotenganisha mwenye mashine anayecheka na anayelalamika.

Mwaka mbaya wake ni wa aina mbili. Mvua ikikata, alizeti inapungua na mashine inalala kuanzia Oktoba, ingawa alizeti huvumilia kuliko mahindi. Wa pili huwezi kuuona angani. Mafuta ya kula ya nje yakiingia kwa ushuru mdogo, bei ya alizeti huanguka hata ghala likiwa limejaa. Ndivyo ilivyokuwa 2023, wakulima wa Dodoma na Singida walilia, na baadhi yao msimu uliofuata wakahamia mazao mengine. Aliyenunua alizeti ghali akaiweka stoo mwaka huo aliumia kuliko aliyekuwa anakamulia watu tu. Ushuru unabadilika kila bajeti, Juni. Mwenye mashine ya mafuta asiyesikiliza hotuba ya bajeti ni sawa na mkulima asiyeangalia mawingu.

Ukitaka kufungasha mafuta yako kwenye chupa na nembo, hesabu pia TBS, yaani Shirika la Viwango. Kwa kuuza ghafi kwa ndoo na dumu hapo kijijini, wengi wanaishia na leseni ya biashara ya halmashauri.

Mashine ya kusaga na kukoboa ni ndogo zaidi, mtaji wake ni mdogo, na mimi naipenda kuliko zote. Watu wanakula ugali kila siku. Mwaka mzuri wanasaga mahindi yao na mtama wao. Mwaka wa njaa wanasaga mahindi waliyonunua kwa kilo, au yaliyoletwa ya bei nafuu kutoka hifadhi ya taifa ya chakula, na bado wanapita kwako na debe. Hela inaingia kidogo kidogo, mia tano na elfu, na ndiyo inayolipa ada Januari, mwezi ambao mkulima hana kitu. Pumba zinauzwa.

Adui wake ni mwendeshaji asiye mwaminifu na jirani atakayefungua mashine ya pili. Kwa wa kwanza kuna dawa. Hesabu ya debe aliyoandika kwenye daftari ilinganishe na uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Baada ya mwezi mmoja unajua kila uniti inasaga debe ngapi, na daftari likipungua umeme unasema. Kwa jirani hakuna dawa, ila kuchagua kijiji vizuri. Hesabu kaya, hesabu mashine zilizopo, na uliza zipi zimekufa na kwa nini. Ukinunua mashine inayofanya kazi kutoka kwa mtu, mwombe akuonyeshe jumbe za LUKU za miezi 12 kwenye simu yake. Mtu anayeuza biashara nzuri hana sababu ya kuzifuta. Kagua pia beringi, nyundo, chekeche na mkanda, na kama jengo ni la kupanga, ongea na mwenye jengo kabla ya muuzaji kujua.

Kibaigwa ina faida ya soko na barabara, na ina hasara ya wenzako wengi. Kwa mashine ya mafuta ningekaa Kibaigwa, kwenye gunia nyingi na madalali wa mashudu. Kwa ya kusaga ningeingia ndani, kijiji kilichopata umeme juzi.

Na trekta

Trekta ni biashara ya wiki chache. Wote wanakutaka siku zile zile baada ya mvua ya kwanza, halafu miezi tisa inakaa tu huku bei ya vipuri inapanda. Mchanga uleule uliokula majembe ya Wazungu Kongwa utakula diski zako. Ukiwa na tela la kubebea mazao, matofali na maji, na dereva ambaye ni ndugu yako wa damu, inawezekana. Pawatila kwenye udongo wa Kongwa uliokauka ni mateso ya mashine na ya mtu.

Maeneo mengine, kwa kifupi

Bahi kuna majaruba ya mpunga, na kwa mtu anayeweza kuishi huko ni zuri, lakini maji ya Bahi huja yote kwa pamoja au hayaji, na chumvi ipo. Mpwapwa upande wa Kibakwe kuna mabonde yenye maji na vitunguu, ila barabara za masika ziangalie kwanza. Kondoa ardhi nyingi imekwishapata kipigo cha mmomonyoko. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa sababu hiyo, na mifugo ikahamishwa 1979 katika sehemu zilizoharibika zaidi. Ukinunua Kondoa, nunua tambarare usinunue mteremko.

Ningekushauri nini

Kama uko kazini mjini na utakwenda shamba Jumamosi moja kati ya nne, achana na zabibu. Mzabibu unajua kama mwenye shamba hayupo. Chukua mashine ya kusaga, na LUKU ikufanyie usimamizi. Ukiona lazima uwe na ardhi, nunua ekari 5 Kongwa, usinunue 20, na hela iliyobaki iweke benki kwa ajili ya msimu wa tatu, maana wa pili ndio mara nyingi unaovunja moyo.

Kama umestaafu, una nguvu, na una mwenza anayekubali kuishi Hombolo, ekari moja ya zabibu yenye kisima cha maji matamu na mkataba wa mnunuzi ni kazi nzuri, tena ya heshima. Kama una mtaji mkubwa na unaifuata bajeti ya taifa kwa makini, mashine ya mafuta Kibaigwa. Kama una mtaji mkubwa na hupendi kufuatilia kitu, weka hati fungani za Serikali, na hapo nasema kwa nia njema kabisa.

Na kijana ambaye bado hajui, akodi shamba msimu mmoja kabla ya kununua. Kukodi ekari moja Kongwa kwa msimu ni bei ndogo kuliko somo nililolipia mimi, na wenyeji wanamwambia mpangaji mambo ambayo hawamwambii mnunuzi.

Siku ya malipo, nenda shambani kwanza, kabla ya ofisi. Tembea mpaka wote na muuzaji, mwanakamati wa kijiji na majirani wote wanne, kila kona pandikizeni minyaa au jiwe mbele ya wote, piga picha, kila mtu ataje jina lake na mpaka wake. Kisha ndipo mrudi ofisini mkaandikishane, na hela ipite benki au kwenye simu ili ibaki na kumbukumbu. Ukiombwa asilimia ya ofisi, omba risiti ya serikali. Na ikiwa jirani wa kaskazini hakutokea siku hiyo, hata kama muuzaji anasema ni mtu wake na hana neno, rudi mjini na hela yako, uje siku atakapokuwepo.